Moshi Kabla ya Viwanda: Historia ya Awali ya Uchafuzi wa Hewa na Maana Yake kwa Mtaa wa Tena

Utangulizi

Mtaa wa Tena umo mashariki mwa jiji la Nairobi, ukipakana na Umoja, katika sehemu ambayo wenyeji huiita Eastlands. Kusini-magharibi mwake, mwendo wa kilomita chache, liko Eneo la Viwanda. Kaskazini mwake liko jaa la Dandora, ambalo moshi wake haujui likizo. Mkazi wa Tena akiulizwa hewa chafu hutoka wapi, aghalabu ataelekeza kidole upande mmoja kati ya pande hizi mbili. Akiulizwa hali ilivyokuwa zamani, atajibu kama wanavyojibu wengi, wakiwemo wanafunzi wa shule katika insha zao: kabla ya kuja kwa viwanda, hewa ilikuwa safi.

Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nyanda ambazo leo zimejaa majumba ya ghorofa zilikuwa malisho ya mifugo ya Wamaasai hadi mwishoni mwa karne ya 19, na upepo uliozipitia haukubeba moshi wa malori wala wa plastiki. Hata hivyo, ndani ya nyumba zilizokuwa katika nyanda hizo mlikuwa na moto, na palipo na moto pana moshi, na palipo na moshi pana anayeupumua. Historia ya uchafuzi wa hewa haikuanza na kiwanda. Ilianza na binadamu wa kwanza aliyeketi kando ya kuni zinazowaka akaona afadhali kuwashwa macho kuliko kufa kwa baridi.

Makala haya yanakusudia kuieleza historia hiyo kwa kurejelea Afrika Mashariki hasa, na kwa kutazama kidogo Roma na London pale ambapo ulinganisho unafaa. Hoja inayoyaongoza ni moja: hatari ya moshi haipimwi kwa wingi wake angani pekee, bali kwa ukaribu wake na pua ya mtu na kwa muda ambao mtu huyo hukaa nao. Ili kuithibitisha hoja hiyo, makala yataanza na dhana yenyewe, yapite katika meko ya nyumbani, kiwanda cha mhunzi, tanuu la chokaa na moto wa mbugani, kisha yarejee Tena.

Dhana ya uchafuzi wa hewa

Hewa huhesabiwa kuwa imechafuka pindi inapobeba gesi au chembe kwa kiwango kinachoweza kumdhuru binadamu, mnyama au mmea. Uchafuzi mwingine ni wa maumbile, kama vile vumbi la jangwani na majivu ya volkano. Uchafuzi unaotokana na binadamu kwa sehemu kubwa ni mtoto wa moto. Kuni zikiungua sawasawa hutoa mvuke wa maji na hewa ya ukaa. Lakini kuni katika meko ya kawaida haziungui sawasawa, hasa zikiwa mbichi au zikikosa hewa ya kutosha. Hapo hutoka masizi, gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na kemikali nyingine nyingi, baadhi yake zikiwa zenye kusababisha saratani.

Kati ya vitu hivyo, wataalamu wa afya huzihofia sana chembe ndogo zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa binadamu ni mnene kuliko chembe hiyo takriban mara 30. Udogo huo ndio ubaya wake. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, mtu akalikohoa au akalipenga. Chembe hizi hupenya hadi kwenye vifuko vya ndani kabisa vya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 unapendekeza kwamba wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa.

Inafaa kutazama pia jinsi lugha yenyewe ilivyouweka moshi. Kiswahili kina moshi, masizi na fukizo. Kina kitenzi kufukiza, ambacho ni tendo la heshima: nyumba hufukizwa udi, mgeni hufukizwa, maiti hufukizwa ubani. Chetezo ni chombo cha kutoa moshi kwa makusudi, na moshi huo hutakiwa. Hata katika methali isemayo kwamba pafukapo moshi pana moto, moshi ni shahidi, si mshtakiwa. Kazi yake ni kutoa habari za kitu kingine. Msamiati huu unadokeza kwamba kwa karne nyingi watu waliuona moshi kama mwenzi wa maisha, wenye kero zake na faida zake, wala si kama sumu inayohitaji jina la pekee.

Mafiga matatu: moshi wa nyumbani

Afrika Mashariki ni miongoni mwa mahali ambapo dalili za kale zaidi za moto zimepatikana. Huko Chesowanja, karibu na Ziwa Baringo, wanaakiolojia walipata madongo ya udongo uliochomwa yaliyokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 1.4, na huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, zimepatikana dalili zinazokaribia umri huo. Mjadala ungalipo kuhusu iwapo moto huo uliwashwa na watu au na radi. Lisilo na mjadala ni kwamba moto ulipokwisha kuingia ndani ya makao, mapafu ya binadamu yalianza kuandika historia yake. Mwaka 1991, katika milima ya Alps mpakani mwa Italia na Austria, iligunduliwa maiti ya mtu aliyeishi miaka ipatayo 5,300 iliyopita, ikiwa imehifadhiwa na barafu. Wataalamu waliomchunguza mtu huyo, ambaye amepewa jina la Ötzi, waliyakuta mapafu yake yameingia weusi wa masizi. Hakuwahi kuona dohani ya kiwanda maishani mwake. Weusi kama huo umepatikana pia katika mapafu ya maiti za kale zilizokaushwa huko Misri.

Katika nyumba nyingi za kale za Afrika Mashariki, mafiga matatu yaliwekwa ndani, na nyumba haikuwa na dohani. Nyumba ya Kimaasai, ambayo kwa desturi hujengwa na wanawake kwa fito na kupigwa lipu ya samadi, ilikuwa na moto katikati na tundu dogo ukutani. Katika nyumba za msonge za wakulima, moshi ulipanda darini ukajipenyeza taratibu katika nyasi za paa.

Itakuwa kosa kuyafasiri haya kuwa ujinga. Moshi ulikuwa na kazi. Uliwafukuza mbu. Uliwafukuza wadudu waliotafuna fito na nyasi, hivyo nyumba ikadumu. Juu ya meko palikuwa na kichanja palipowekwa mbegu za mtama na wimbi, na baadaye mahindi, ili moshi uzikinge na fukusi hadi msimu wa kupanda. Nyama na samaki walibanikwa na kukaushwa kwa moshi kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kuwahifadhi. Katika nyanda za juu zenye baridi, kufungua dirisha kubwa ili moshi utoke kulikuwa ni kufungua mlango wa homa. Watu walichagua, na uchaguzi wao ulikuwa na hesabu.

Hata hivyo, hesabu hiyo haikugawanywa sawasawa. Aliyeketi karibu zaidi na meko na kwa saa nyingi zaidi alikuwa mwanamke, na mgongoni au magotini mwake alikuwa na mtoto mchanga. Mwanamume alikuwa malishoni, vitani, barazani au kilabuni. Kwa hiyo katika boma moja lenye hewa safi nje, watu wawili wa nyumba moja walipumua hewa mbili tofauti.

Jambo hili si la kukisia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia familia 55, zenye watu 345, katika eneo la Mpala huko Laikipia. Walipima moshi katika nyumba zilizopikia kuni na mkaa, wakaandika nani alikaa wapi na kwa muda gani, na nani aliugua. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kwamba maradhi ya mfumo wa kupumua yaliongezeka kadiri mtu alivyoupumua moshi zaidi, na kwamba wanawake waliupumua zaidi kwa kuwa wao ndio waliopika. Viwango vilivyopimwa karibu na moto vilifikia maelfu ya mikrogramu katika mita ya ujazo. Laikipia si nchi ya viwanda. Ni nchi ya ng'ombe, nyasi na upepo, na meko yaliyopimwa humo yalitofautiana kidogo sana na yale ya kale. Kwa maana hiyo, utafiti huo ulikuwa kama dirisha la kuchungulia yale yaliyowapata wahenga wetu.

Wahunzi na moshi wa mbali

Kazi ya kwanza ya Mwafrika iliyostahili kuitwa tasnia ni uyeyushaji wa chuma. Katika nchi ya Wahaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, kuna masimulizi yanayomtaja mfalme Rugamora Mahe na mnara wa chuma uliojengwa ili watu wafike mbinguni. Masimulizi hayo yanafungamana na mti mtakatifu uitwao Kaiija, katika kijiji cha Katuruka karibu na Bukoba. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, akiongozwa na wazee waliosimulia habari hizo, alichimba mahali hapo kuanzia mwaka 1970, akakuta mabaki ya ufuaji wa chuma yenye umri wa miaka ipatayo 2,000 na zaidi. Fasihi simulizi ilikuwa imehifadhi kumbukumbu ya mahali kwa muda mrefu kuliko andiko lolote la eneo hilo. Baadaye, katika miaka ya 1970, wazee wa Kihaya walioikumbuka kazi hiyo waliijenga upya tanuri ya kale na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti.

Namna ya kuyeyusha chuma inaeleza kwa nini moshi wake ulikuwa wa namna yake. Udongo wenye chuma huwekwa tanurini pamoja na mkaa, na mivuo hupuliza hewa kwa kupitia mirija ya udongo wa mfinyanzi. Joto hupanda kupita nyuzi 1,200. Mkaa unaoungua kwa hewa ya kubanwa hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, na gesi hiyo ndiyo inayonyang'anya udongo oksijeni yake ili chuma kibaki. Kwa maneno mengine, sumu ile ile inayomuua mtu aliyelala na jiko chumbani ndiyo inayomzalia mhunzi jembe. Takataka za mawe zinazobaki Waswahili huziita mavi ya chuma, na kila palipo na marundo yake mwanaakiolojia hujua kwamba moshi uliwahi kufuka hapo.

Kazi hii haikuwa ya bara pekee. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154 huko Sisili, aliwataja watu wa Malindi kuwa wachimbaji na wafanyabiashara wa chuma. Huko Galu, kusini mwa Mombasa, Chapurukha Kusimba alichimbua mabaki ya uyeyushaji ambayo ni ya kale kuliko kitabu hicho.

Lakini jambo la kuzingatiwa zaidi ni mahali tanuri zilipowekwa. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, uyeyushaji ulifanyika mbali na makao, karibu na msitu wa kuni na udongo wenye chuma, nao ulizungukwa na miiko mingi. Wanaume waliokuwa kazini walijitenga na wake zao, na wanawake hawakuruhusiwa kukaribia. Sababu zilizotolewa zilihusu uzazi na mizimu, si afya. Walakini matokeo yake yalikuwa kwamba moshi ule mwingi, wenye gesi kali, ulifukia msituni ambako hapakuwa na watoto. Jamii zilezile zilizouweka moshi wa tanuri mbali ziliuweka moshi wa meko kitandani. Moshi mkubwa ulikuwa mbali na moshi mdogo ulikuwa karibu, na mdogo ndio uliodhuru wengi.

Wakati huohuo, katika nchi nyingine, tanuri zilikuwa zimekwisha kuacha alama hata mbali sana nazo. Warumi waliyeyusha risasi na fedha kwa wingi mno. Barafu iliyochimbuliwa kutoka kina kirefu huko Greenland na kuchapishiwa matokeo mwaka 1994 ilionyesha kwamba hewa ya enzi za Wagiriki na Warumi ilibeba risasi takriban mara nne ya kiwango cha maumbile. Mwanafalsafa Seneca, aliyefariki mwaka 65, aliandika kwamba afya yake ilipata nafuu mara tu alipoondoka katika hewa nzito ya jiji la Roma na moshi wa majiko yake. Kulikuwa na majiko mengi na nafasi chache, na upepo haukuweza kuchukua yote.

Tanuu la chokaa: Pwani na London

Miji ya mawe ya Uswahilini, kuanzia Lamu na Gede hadi Kilwa, ilijengwa kwa matumbawe na chokaa. Chokaa hupatikana kwa kuyachoma matumbawe. Magogo hupangwa kwa mduara, matumbawe hurundikwa juu yake, na moto huwashwa ukaachwa uwake kwa muda mrefu. Katika joto la nyuzi zipatazo 900, jiwe huitoa hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake na kubaki chokaa, ambayo huzimwa kwa maji na kuachwa ilainike. Kila msikiti, kila kaburi la mnara na kila ukuta wenye zidaka ulidai tanuu lake, na kila tanuu lilidai shehena ya miti. Uzuri wa miji hiyo ulitanguliwa na moshi mzito mweupe.

Katika karne ya 13, wakati Waswahili walipokuwa wakichoma chokaa, watu wa London nao walikuwa wakichoma chokaa ili kujenga mji wao. Tofauti ilikuwa katika nishati. Kuni zilipokuwa ghali, wachoma chokaa wa London waligeukia makaa ya mawe yaliyoletwa kwa majahazi kutoka Newcastle. Mwaka 1257, Malkia Eleanor alilazimika kuondoka Nottingham kwa sababu ya moshi wa makaa hayo. Mwaka 1285 iliundwa tume ya kuchunguza malalamiko dhidi ya matanuu ya chokaa ya London, na mwanzoni mwa karne ya 14 Mfalme Edward wa Kwanza alipiga marufuku uchomaji wa makaa ya mawe katika matanuu hayo. Marufuku haikudumu, kwa kuwa mahitaji yalikuwa na nguvu kuliko amri. Mwaka 1661, zaidi ya karne moja kabla ya mitambo ya mvuke kuenea viwandani, John Evelyn alimwandikia Mfalme Charles wa Pili kitabu kizima cha kuulalamikia moshi wa London.

Kwa nini basi Pwani haikuacha malalamiko kama hayo? Sehemu ya jibu ni kwamba kuni hazina salfa nyingi kama makaa ya mawe, hivyo moshi wake hauchomi koo kwa ukali uleule. Sehemu nyingine ni pepo za kaskazi na kusi, ambazo hupishana kwa mwaka na kuusukuma moshi nje ya mji. Na sehemu ya tatu ni udogo wa miji. Lamu au Gede haikuwa London. Aidha, jirani aliyekerwa hakukosa sheria ya kumlinda: fikihi ya Kiislamu ilisimama juu ya kanuni ya kutodhuru, na mafakihi waliohukumu kesi za majengo waliuhesabu moshi wa jirani miongoni mwa madhara yanayoweza kuzuiliwa. Ibn al-Rami, fundi wa ujenzi wa Tunis wa karne ya 14, aliandika kitabu kuhusu hukumu hizo, na moshi wa hamamu na wa tanuri za mikate umo. Sheria ya hewa, kwa hiyo, haikungoja mtambo wa mvuke.

Moto wa mbugani

Moshi mwingine wa kale ulitoka mbugani. Wafugaji walichoma nyasi kavu ili kuua kupe na kuotesha majani mapya, na wakulima walichoma vichaka ili kufungua mashamba. Katika miezi ya kiangazi moshi huo uliweza kutanda anga ya nchi nzima na kulibadilisha jua rangi. Huo ndio moshi mkubwa kuliko wote kwa kipimo cha macho. Lakini ulikuwa wa msimu, ulifukia mahali peupe, na mfugaji aliyeuwasha aliweza kuupa mgongo na kuondoka. Mpishi hakuweza.

Hewa mbaya na kuzaliwa kwa Nairobi

Wageni kutoka Ulaya walipofika Afrika Mashariki katika karne ya 19, walikuja na nadharia ya kale iliyodai kwamba magonjwa hutokana na harufu na mvuke wa uozo. Jina malaria lenyewe ni la Kiitalia na maana yake ni hewa mbaya. David Livingstone, akiwa Unguja mwaka 1866, alichukizwa na uvundo wa taka za ufukweni hata akaucheza shere mji huo kwa kuugeuza jina lake. Ronald Ross alipogundua mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria hubebwa na mbu, nadharia ya hewa mbaya ilianguka. Ilistahili kuanguka. Ila ilipoanguka iliondoka pamoja na ukweli mmoja uliokuwa umejificha ndani yake, kwamba hewa yenyewe inaweza kuua. Macho ya matabibu yaliigeukia minyoo, vimelea na mbu, na moshi wa jikoni ukabaki bila wa kuuuliza.

Nairobi ilizaliwa katika kipindi hicho. Reli ilifika hapo mwaka 1899. Mwaka 1902 tauni ilipozuka, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya daktari wa serikali. Miaka michache baadaye, mwaka 1913, Profesa W. J. Simpson alipendekeza miji ya Afrika Mashariki igawanywe kwa rangi za watu kwa kisingizio cha afya. Waafrika walisukumwa upande wa mashariki, na mitaa ya Eastlands ikaanza kuchipuka moja baada ya nyingine. Waliohamia humo walitoka vijijini na meko yao: makaa badala ya kuni, jiko la bati badala ya mafiga, chumba kimoja badala ya nyumba ya msonge. Paa la nyasi lililokuwa likipitisha moshi lilibadilishwa kwa mabati na baadaye zege, ambazo hazipitishi kitu.

Tena leo

Historia hii inamfaa nini mkazi wa Tena? Inamfaa kwa sababu mtaa wake umekusanya pamoja moshi wote ambao watu wa kale walikuwa wameutenganisha. Tanuri ya mhunzi, iliyokuwa msituni, sasa iko Eneo la Viwanda na katika karakana za kando ya barabara. Moto wa mbugani, uliokuwa wa msimu, sasa ni jaa la Dandora linalofuka mwaka mzima. Utafiti uliotolewa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa hilo, na nusu yao walikutwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Risasi iliyoandikwa katika barafu ya Greenland na Warumi imeandikwa katika damu ya watoto wa Eastlands.

Na meko ya kale bado yapo. Yapo katika jiko la makaa linalowekwa kwenye ukumbi wa ghorofa au nyuma ya mlango, katika stovu ya mafuta ya taa, katika kibanda cha chapati na cha mahindi ya kuchoma. Kila mwaka baridi ya Juni hadi Agosti inapoingia, Wakenya husikia habari za watu waliolala na jiko katika chumba kilichofungwa wasiamke. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa nyumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Hapa ndipo imani ya kwamba uchafuzi ulianza na kiwanda inapogeuka kuwa hatari. Sheria za Kenya hazikosi meno dhidi ya mchafuzi wa nje. Kanuni ya Adhabu, iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, inauhesabu uchafuzi wa hewa kuwa kosa katika kifungu cha 192, na Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42. Mwenye kiwanda anaweza kushtakiwa. Mwenye jaa anaweza kushtakiwa. Lakini katika jikoni, anayewasha moto na anayedhurika ni mtu yule yule, na hana wa kumshtaki. Akiamini kwamba moshi wa kweli ni ule wa dohani za mbali, atafunga dirisha ili kuuzuia, na kwa kufanya hivyo ataufungia ndani ule ulio mbaya zaidi.

Njia za kumsaidia zimekwisha kujaribiwa. Jiko la kauri, lililoenea nchini Kenya tangu miaka ya 1980, lilipunguza matumizi ya makaa na gharama zake, ingawa halikuondoa kaboni monoksidi. Huko Kajiado, mwishoni mwa miaka ya 1990, wanawake wa Kimaasai walishirikiana na shirika moja la maendeleo kutengeneza vifuniko vya bati vinavyoning'inizwa juu ya meko ili kuuvuta moshi na kuutoa nje kwa bomba. Vipimo vilionyesha kwamba moshi wa ndani ulipungua kwa kiasi kikubwa. Wanawake hao hawakuacha kuni wala nyumba zao. Walichokibadilisha ni njia ya moshi. Gesi ya kupikia hupunguza chembe zaidi ya njia hizo zote, na kinachowazuia wengi ni bei ya mtungi, si kutojua faida yake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hewa chafu ni ya kale kuliko kiwanda. Ilikuwamo katika mapafu ya Ötzi, katika nyumba ya msonge, katika tanuri za Buhaya, katika matanuu yaliyotuzalia misikiti ya Pwani. Imeonyeshwa pia kwamba watu wa kale hawakuwa wajinga wa moshi. Waliujua, waliutumia, na mara nyingine waliuweka mbali. Walichokosa ni chombo cha kuupima ule uliokuwa karibu.

Chombo hicho sasa kipo. Kwa hiyo yule anayepigania hewa safi ya Eastlands ana safari mbili za kufanya. Ya kwanza ni ya kwenda Dandora na Eneo la Viwanda kudai haki iliyoandikwa katika Katiba. Ya pili ni fupi, hatua chache tu hadi mahali jiko lilipo, kulitoa nje mpaka makaa yaive, au kuliacha dirisha wazi wakati mama anapopika na mtoto yuko mgongoni.